Gasketi ya Baada ya Harusi

Ipo siku moja ninayoikumbuka hata nisipotaka, mwanangu, na kila nikiikumbuka huanza na sauti. Si sauti ya mtu. Ni mluzi mwembamba, kama wa mtu anayepuliza uji wa moto, uliokuwa ukitoka ubavuni mwa injini ya shangingi la binamu yangu Shabani. Niliusikia kwa sikio langu hili la kulia, nikasema niliyoyasema, na tukacheka sote wawili.

Najua vijana wa hapa Kibiti mnaniita Mzee Kauzu. Mnadhani sisikii, lakini fundi anayesikia bolti iliyolegea atakosaje kusikia jina lake? Sikuzaliwa kauzu. Kwetu Dimani harusi au msiba ukianza, watu walikuwa wakiulizana, "Saidi keshafika?" Nikifika, hata mfiwa alijiziba mdomo kwa kanga asionekane anacheka. Nimeamua kukusimulia kicheko changu kilikokwenda, kwa sababu jana umeniletea gari lako kuukuu ukitaka nilifungie taa na keria. Nilipokuambia manifodi inavuja, tuanze na gasketi, ukanijibu, "Hiyo baadaye, babu." Neno hilo nililisikia zamani, kutoka kwa mtu aliyekuwa na umri kama wako.

Shabani alikuwa mtoto wa shangazi yangu, dada yake baba. Kwetu binamu wa namna hiyo ni mtani wako. Unaweza kumwita mwizi mbele ya wakwe zake na asinune. Akinuna, yeye ndiye amekosa adabu. Na akifa, mtani ndiye anayekwenda kuvaa nguo zake, kuiga mwendo wake na kuzuia kaburi lisifukiwe mpaka apewe chochote, ili waliofiwa wapate kupumua. Ni desturi nzuri, sitaki uidharau. Wazee walioiweka waliona kwamba huzuni isiyopata kicheko huua na waliobaki. Lakini mdomo wa utani ukishauzoea, mwanangu, kuuvua ni kazi.

Enzi hizo daraja la Ndundu lilikuwa halijajengwa, watu wanapanga foleni ya pantoni, na mimi nilikuwa fundi kijana mwenye gereji ya makuti. Shabani alikuwa akichukua kamba kwa wavuvi wa delta ya Rufiji na kuwapeleka mjini. Alihangaika mpaka akapata shangingi la zamani lililouzwa mnadani, injini ya petroli, limechoka lakini bodi imara. Alilipenda kupita kiasi. Alikuwa akiliosha hata siku za tope, na tope la Rufiji unalijua. Wakati huohuo alikuwa amemposa Mwanahawa, binti wa Salale, na siku ya ndoa ilikuwa imekaribia.

Akaniletea gari. Likisimama, injini haitulii, inatetemeka kama mgonjwa wa homa, mara ishuke ikaribie kuzima. Mlimani linahema. Na breki, alisema mwenyewe, zimekuwa nzito siku hizi. Nikakata kikonyo cha jani la mpapai, kile chenye tundu ndani, ncha moja nikaitia sikioni na nyingine nikaipitisha pembezoni mwa manifodi, yaani yale mabomba yanayopeleka hewa ndani ya injini. Ndivyo nilivyofundishwa, na mpaka leo sijaona chombo cha dukani kinachokizidi. Nilipofika kwenye kiungo cha nyuma, mluzi ukajaa sikio. Gasketi ilikuwa imekwisha. Fundi aliyetangulia, badala ya kuibadilisha, alikuwa amepaka gundi juu yake, na gundi nayo imepasuka.

Nikupe kidogo ya ufundi, usije ukasema mzee anapiga porojo. Gasketi ya manifodi ni kitu chembamba, ukikishika unaweza kukidharau. Kazi yake ni kuziba, hewa isipite isipotakiwa. Injini ya petroli ikifanya kazi hunyonya hewa, na mnyonyo huo ndio unaoisaidia breki. Ukivuja, pedali inakuwa ngumu. Na injini dhaifu ya namna hiyo ikizima ghafla ukiwa mteremkoni, utakanyaga breki mara moja, labda mbili, halafu utakuwa unakanyaga jiwe. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Walikuwa wakisema habari ya nyumba, maana nyumba haiteremki mlima.

Yote hayo niliyajua. Sasa sikiliza nilivyomwambia.

"Mtani," nikasema huku nimeinua kikonyo cha mpapai kama bakora, "hili gari litakuua weye. Na likikuua, kanzu yako ya harusi n'taivaa mie, na Mwanahawa n'tamrithi."

Shabani akacheka mpaka akashika bampa. "Kwa miguu hiyo ya bata? Kanzu yangu itakuburura. Nifungie taa, mtani. Gasketi baada ya harusi."

Gasketi ilikuwa iagizwe Dar es Salaam, na gari lingelala gereji likiisubiri. Yeye alitaka litembee, lionekane. Akaleta matairi makubwa zaidi, springi za kulinyanyua, keria ya juu, taa za kufunga mbele, na lile bomba refu linalopanda ubavuni mwa kioo ili gari livute hewa juu likipita kwenye maji. Akatengenezesha na kiyoyozi, bibi harusi asitoke jasho. Vyote nilivifunga kwa mikono hii, na nilivifunga vizuri. Bomba lile nililikaza likawa halitikisiki. Nilikuwa nalitengenezea gari pua ndefu ya kupumulia majini huku najua kifua chake kimetoboka. Nikasema tena, nikiwa juu ya ngazi, "Unamvisha maiti hereni, weye." Tukacheka tena.

Moyo wangu lakini haukutulia. Siku iliyofuata nikapanda baiskeli mpaka Dimani kwa shangazi. Nilimkuta anatwanga. Nilikwenda nikiwa na nia ya kumwambia, wallahi nilikuwa na nia: mkataze mwanao, gari lile halina breki za kuaminika. Nilipofika uani, nikauona uso wake unakunjuka kwa kunitarajia. Alikuwa akingoja nimchekeshe. Mdomo ukajiendea wenyewe.

"Shangazi, tafuta sanda. Mwanao kanunua jeneza lenye taa."

Alinirushia kipande cha kuni. "Toka hapa, shetani weye! Umwache mwanangu aoe!" Na kicheko chake kikanifuata mpaka njiani. Nikajiambia nimeshasema. Mwanangu, jihadhari na siku utakayojiambia umeshasema.

Siku ya ndoa tuliondoka asubuhi, Shabani anaendesha, kanzu nyeupe inang'aa, mimi pembeni yake nikimtukana kama inavyopasa. Gari likatetemeka njia nzima lakini likafika dikoni, pale zinapofikia boti za Salale. Tukaliacha juu ya ukingo, kwenye nchi kavu, tukapanda boti. Huko Salale ndoa ikafungwa vizuri, pilau ikaliwa, na walipokuja kumkabidhi bibi harusi nikazuia mlango mpaka nikapewa kuku. Sikumbuki siku nyingine niliyochekesha watu kiasi kile.

Tuliporudi dikoni maji yalikuwa ya bamvu, yamejaa hori, ule mkono wa bahari, mpaka kwenye mizizi ya mikoko. Boti iliishia chini ya ukingo. Kati yetu na nchi kavu palikuwa na mteremko wa tope lililokanyagwa. Mwanahawa alikuwa amepakwa hina na piko, miguu yote miwili, maua mpaka juu ya kifundo. Wanawake wakaanza kubishana jinsi ya kumtoa, maana bibi harusi kukanyaga tope na miguu ile hata siku haijaisha, ni fedheha kwa upande wa bwana harusi. Wangeweza kumbeba. Nilisema tumbebe. Lakini Shabani alikuwa keshashuka, amekunja kanzu magotini, anapanda ukingo huku anatupungia mkono.

"Subirini hapohapo," alisema. "Mke wangu hakanyagi tope. Gari linashuka mpaka miguuni pake."

Hapo, mwanangu, utani ulinitoka wote kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Niliusikia mluzi ule masikioni kana kwamba nimeshika kikonyo cha mpapai. Nikasimama ndani ya boti, nikapiga kelele kwa nguvu zangu zote: "Shabani! Usiliteremshe! Breki zitakufa! Shabani, gari litakuua!"

Boti nzima ikacheka.

Walicheka wa kwetu, wakacheka na wa Salale waliokuwa wamenijua tangu asubuhi. Mama mmoja akanivuta shati, akasema, "Kaa chini, mtani, tumekuelewa, kuku wa pili hupati." Mwanahawa mwenyewe nilimwona mabega yakitikisika chini ya ushungi. Na kule juu Shabani, mkono kwenye mlango wa gari, akacheka kwa sauti, akaingia, akafunga vioo kwa ajili ya kile kiyoyozi chake. Vigelegele vikapigwa.

Lilianza kushuka vizuri, kinyumenyume, ili mlango umfikie bibi harusi. Katikati ya mteremko likakohoa na kuzima. Taa za breki zikawaka, zikazimika, zikawaka tena, kisha zikabaki zinawaka. Nilijua mguu wake uko juu ya jiwe. Nina hakika na hendibreki aliivuta, lakini gari lilikuwa zito kwa vyuma nilivyolifungia, na tope halikuwa na cha kushikia. Liliteleza taratibu, bila haraka yoyote, likapita kando ya boti yetu karibu kabisa hata nikauona uso wake. Alikuwa hacheki tena. Aliniangalia mimi. Kisha ukingo ukaisha, na maji ya hori pale ni marefu.

Tulijitupa majini, wanaume wote. Milango ilikuwa imekazwa na uzito wa maji, na vioo tulivipiga kwa makasia. Tulipomtoa alikuwa amekwisha kufa. Juu ya maji kilichobaki kuonekana ni lile bomba la kupumulia, limesimama imara kama nilivyolikaza.

Mazishi yalikuwa kesho yake, Dimani. Watu walinipokea kwa maneno wanayopokelewa nayo wafiwa. Ajali haina kinga. Sikio la kufa halisikii dawa. Kadari ya Mungu siipingi, nami ni mtumwa wake, lakini hilo la pili lilinichoma na linanichoma hadi leo. Sikio la Shabani halikuwa la kufa. Lilikuwa zima, lilisikia kila neno. Dawa ndiyo iliyokuwa imeviringishwa kwenye kicheko, akameza kicheko, dawa ikabaki.

Tuliporudi kutoka kaburini, watu wakakaa, kisha nikaona wananitazama mmoja mmoja. Walikuwa wananingoja. Mimi ndiye mtani. Shangazi akatoka ndani akiwa ameshika ile kanzu. Ilikuwa imefuliwa, lakini tope la mikoko halitoki, upindo wote ulikuwa umebaki kijivu. Akaiweka magotini pangu.

Nikamwambia kwa sauti ya chini, "Shangazi, mie nilisema. Nilimwambia, na wewe nilikwambia."

Akainyoosha kanzu magotini pangu. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonimaliza. "Ulisema, baba," akaniambia. "Kwa mdomo upi?"

 Nilizaliwa na mdomo mmoja na nilikuwa nimeutumia wote kwenye mzaha. Wazee wanasema mzaha mzaha hutumbua usaha. Nilikuwa nikidhani ni usemi wa kuwatishia watoto.

"Ivae," akasema. "Ulisema utaivaa."

Niliivaa. Iliniburura, kama alivyosema mwenyewe. Nikatembea mwendo wake, ule wa kutupa bega, nikaenda mpaka kwenye mtungi na kurudi, nikapapasa bampa isiyokuwepo. Na watu walicheka, mwanangu, walicheka kwa sababu walihitaji kucheka, na shangazi alicheka mpaka akakaa chini akalia. Nilifanya kazi yangu ya mwisho ya utani na niliifanya vizuri kuliko zote. Sijaifanya tena.

Mwanahawa aliingia eda nyumbani kwa shangazi. Mke wa mtu ambaye hakuwahi kulala naye chini ya paa moja. Nilikwenda kupeleka unga, nikaona miguu yake chini ya pazia la mlango. Hina ilikuwa bado haijafifia.

Gari walilivuta kwa kamba, likaletwa gerejini kwangu kwa kuwa hapakuwa na pengine pa kuliweka. Lilikaa huko wiki nyingi, hakuna aliyelitaka. Siku moja nikaagiza gasketi kutoka Dar es Salaam. Usiniulize kwa nini. Labda nilitaka kukuta nimekosea, kwamba manifodi ilikuwa nzima na kilichomuua ni kitu kingine nisichokijua. Nikaifungua. Pale pale niliposikia mluzi, gasketi ilikuwa imekatika, ukucha wa kidole gumba unapita. Ukweli ni kitu kibaya sana ukiwa nacho peke yako.

Nikafanya kazi kama inavyotakiwa. Nikakwangua gundi yote ya zamani kwa wembe, taratibu, nisiutie uso wa chuma mkwaruzo. Nikakausha maji kila mahali, nikamwaga oili iliyoharibika, nikatia mpya. Nikalaza gasketi mpya bila kuipaka chochote. Nikakaza bolti nikianzia za katikati kwenda za pembeni, kidogo kidogo, nikirudia, maana ukikaza upande mmoja mpaka mwisho unapinda kila kitu. Ilikuwa kazi ya asubuhi moja. Adhuhuri ilipoadhiniwa nilikuwa nanawa mikono.

Likawaka. Likatulia tuli, halitetemeki hata kidogo. Nikatia kikonyo cha mpapai sikioni, nikazunguka manifodi yote, kimya. Nikakaa chini kando ya tairi nikalia kwa kelele kama mtoto. Asubuhi moja tu ilitakiwa, na ndiyo niliyoiuza kwa kuku wa Salale na kicheko cha shangazi.

Tangu hapo nasema mambo makavu. Mteja akija namwambia: hiki kibovu, kitakuua, kibadilishe. Unajua kinachotokea? Wananiona mzee mkali asiye na raha, wanahamia kwa fundi anayecheka nao. Nimemwona kijana mmoja akiondoka na gari lenye breki mbovu kwa sababu tu sikumchekea. Kwa hiyo ukweli wenye utani hausikiki, na usio na utani haupendwi. Nimezeeka nikitafuta njia ya tatu, sijaiona. Huenda haipo. Nikilala usingizi wa mchana bado nasikia boti ile inacheka.

Nisikilize basi, maana sina zaidi ya haya. Chombo chako kikiwa na ugonjwa wa ndani, usikivalishe mapambo ya nje. Taa, keria, matairi, bomba, vyote vizuri na mimi nitavifunga, lakini vinafuata baada ya kiungo kinachovuja. Usiahirishe hadi baada ya harusi, kwa sababu harusi yenyewe itapanda gari hilo hilo. Mtu anayekuchekesha akikwambia neno moja la kufa, acha kucheka, muulize, "Unasema kweli?" Swali hilo halijamvunjia mtu heshima. Nawe ukiwa na jambo la kuokoa roho ya mwenzako, vua utani kwanza kama unavyovua viatu msikitini. Mshike mkono, mwite kwa jina alilopewa na baba yake, umwambie. Akikataa, simama mbele ya gari.

Ndiyo maana leo hukuzikuta funguo zako pale ulipoziacha. Ninazo mimi, mfukoni. Gasketi nimeshaiagiza, inakuja na basi. Mpaka nitakapoifunga, gari lako halitoki hapa. Kasirika, niite jina lolote mnaloniita, kamwambie baba yako kwamba Mzee Kauzu amekunyang'anya gari. Sitakujibu kwa mzaha.

Mungu akulinde na mteremko, mwanangu, akupe mke asiyekaa eda ujanani, akupe na watoto wa kukupinga. Na kwa hizi funguo, nichukie. Akupe umri mrefu wa kunichukia. Amin.